Luau ya Hawaii kwa wenye miiko: namna ya kuchagua karamu ya kula, si ya kutazama tu

Mama mkwe wangu alifunua jani, akalinusa, akalifunika tena taratibu, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

"Jani nalijua hili, mwanangu. Jani la jimbi. Lakini kilicholala ndani yake sikijui, na sitaki kukijua."

Tulikuwa ufukweni Hawaii, kwenye luau, yaani karamu ya Kihawaii ya chakula na ngoma, mashada ya maua shingoni, jua linazama, ngoma zimeshaanza kulia. Wiki mbili kabla nilikuwa nimewapigia simu waandaaji kuuliza kama wana chakula cha wasiokula nguruwe, nikajibiwa bila kusita kwamba wanacho. Hawakusema uongo. Walikuwa na wali mweupe, saladi, mikate mitamu na nanasi. Kile kifurushi cha majani mbele ya mama kilikuwa laulau, na laulau ya kawaida hufungwa na nyama ya nguruwe, mara nyingi pamoja na kipande cha samaki wa chumvi. Na kwa kuwa mama ana kisukari, ule wali na nanasi navyo vikawa mwiko wa pili. Tulilipa zaidi ya dola 150 kwa kichwa ili yeye ale saladi.

Nusu ya kosa ilikuwa yangu, maana niliuliza swali lisilo na faida. Nimepanga luau nyingine tatu tangu siku ile, kwa wageni wanaotujia kutoka Tanga na Mombasa, na sasa ndugu na majirani wananipigia simu kila msimu wa likizo. Naandika hapa ili niache kurudia. Jambo kubwa nitakalosema ni hili: usiulize kama wana chakula chako. Uliza kinapikwaje na kinafikaje mezani. Mengine yote yanatoka hapo.

Kwanza jua kilichomo sufuriani

Neno luau lenyewe maana yake ni jani la jimbi, lile lile tunalolipika na nazi. (Wa bara mnaita magimbi, wa Kenya nduma.) Karamu zamani iliitwa ahaaina au paina, na katika karne ya 19 ndipo jina la jani likahamia kwenye karamu. Kabla ya mwaka 1819 wanaume na wanawake wa Hawaii hawakula pamoja. Palikuwa na mfumo ulioitwa kapu, na neno letu mwiko linautosha kabisa: mwanamke hakuruhusiwa nguruwe, wala nazi, wala aina nyingi za ndizi. Mwaka huo mfalme Liholiho, yaani Kamehameha wa Pili, aliketi hadharani akala na wanawake, na kapu ikaanguka. Kwa hiyo karamu hii ina undugu na siku ile miiko ilipovunjwa, na sisi tunaiendea na miiko yetu mkononi. Mama nilipomsimulia alicheka sana, akasema hawa walivunja yao, yake bado ipo.

Vyakula vya luau vina asili mbili, na ukizitenganisha kichwani utakuwa umeshafanya nusu ya kazi.

Asili ya kwanza ni chakula cha wenyeji. Mtu wa pwani akikiona atajihisi kwao: majimbi, viazi vitamu, shelisheli, tui la nazi, pweza, jodari, mwani. Poi ni majimbi yaliyopikwa yakatwangwa na kulainishwa kwa maji mpaka yakawa kama ugali uliolegea, rangi ya zambarau iliyofifia. Haupia ni tui la nazi lenye sukari lililogandishwa kwa wanga likakatwa vipande kama kashata laini. Kulolo ni majimbi na nazi vilivyopikwa pamoja mpaka vikawa kitu kama halua. Humu kwa asili hamna ngano, hamna maziwa, hamna mayai. Mwenye shida ya gluteni au ya maziwa akibaki upande huu, jioni yake itakuwa njema.

Shida ya upande huu ni moja, nayo ni kubwa kwa wengi wetu: nguruwe. Kalua maana yake ni kupika katika shimo la ardhini, linaloitwa imu, lenye mawe ya moto, vigogo vya migomba vilivyopondwa na majani. Lakini ukiona neno kalua peke yake kwenye orodha, hesabu ni nguruwe. Wanaokula kitimoto hawana neno. Sehemu hii iwapite.

Asili ya pili ni mashamba ya miwa. Kuanzia katikati ya karne ya 19 waliletwa vibarua kutoka China, Japani, Ureno na Ufilipino, na kila mmoja alikuja na sufuria yake. Ndiko zilikotoka soya sosi, nyama ya teriyaki, tambi za kung'aa zilizopikwa na kuku, wali wa kukaanga na mikate mitamu. Na hapa ndipo ilipojificha mitego ya mzio: ngano, soya, ufuta, mayai, na mara nyingine mvinyo wa mchele ndani ya mchuzi. Kuku wa huli-huli, anayechomwa huku akigeuzwa geuzwa, anaonekana kama kuku wetu wa kuchoma tu, lakini kwa kawaida amelala kwenye soya sosi, na soya sosi ya kawaida ina ngano.

Hatua ya kwanza: andika mipaka yako kwa ukali

Kaa na familia, chukua karatasi, mwandike nani hali nini na kwa nini. Usicheke. Nyumbani kwangu tuligundua kwamba mume wangu anaposema "sili nguruwe" ana maana moja na mama yake ana maana nyingine. Mume anakula kuku wa dukani Marekani. Mama hali nyama yoyote asiyojua imechinjwa na nani. Hao ni watu wawili tofauti kabisa mbele ya meza ya luau.

Niseme wazi: kwenye luau za watalii usitegemee kuku au ng'ombe wa halali. Kama msimamo wako ni wa mama, njia yako ni samaki na mboga, basi, na utafute luau yenye samaki wa kuokwa au wa kuchoma kama chakula kamili, siyo kijisamaki kibichi cha kuonja. Ukitaka nyama ya halali katika safari yako, Honolulu kuna msikiti katika bonde la Manoa, na watu wa pale watakuelekeza pa kununua. Luau iache iwe ya samaki.

Kwa wenye mzio, andika kitu kwa jina lake. Sheria ya Marekani inataja vizio 9 vikuu: maziwa, mayai, samaki, kamba na kaa, karanga, korosho na jamii yake, ngano, soya, na ufuta ulioongezwa kuanzia Januari 2023. Lakini hiyo ni sheria ya lebo za vyakula vya pakiti. Sinia la bufee halina lebo ya sheria. Tena, ngisi, pweza na chaza hawamo katika zile 9, ingawa luau zina pweza na ngisi katika tui la nazi. Na nazi usidhani itahesabiwa ukisema una mzio wa korosho. Itaje. Hawaii nazi iko kila mahali kama ilivyo Pemba.

Kuna kokwa moja ambayo hutaikuta kwenye karatasi za hospitali: kukui. Huchomwa, husagwa na chumvi ikaitwa inamona, na huwekwa kwenye poke, yaani jodari mbichi aliyekatwa vipande. Mwanangu ana mzio wa korosho, kwa hiyo poke kwake ni mwiko hata kabla sijaulizia ufuta uliomo. Makadamia nayo hupenda kujificha juu ya samaki wa kuokwa, ndani ya keki na kwenye biskuti.

Hatua ya pili: angalia chakula kinavyofika mezani

Watu huchagua luau kwa picha ya mcheza moto. Mcheza moto yupo karibu kila mahali. Wewe tafuta kwanza jinsi chakula kinavyoletwa, maana luau zina namna tatu.

Ipo bufee, ambayo ni nyingi zaidi na bei yake huwa nafuu kidogo. Uzuri wake ni kwamba unaona chakula kabla hujakigusa. Ubaya wake ni koleo. Mtu anachukua nguruwe, anarudisha koleo kwenye samaki; anachota makaroni yenye mayonesi, upawa uleule unaingia kwenye saladi. Kwa asiyependa tu nguruwe hilo ni jambo dogo. Kwa mwenye mzio mkali au anayechunga imani yake, sinia la kumi lililopitiwa na watu mia si chakula tena.

Zipo zile ambazo kila mgeni huletewa sahani yake kutoka jikoni, na hizo ndizo ninazozitafuta mimi. Ni ghali zaidi, lakini jikoni mpishi anaweza kutenga sahani, akaifunika, akaandika jina. Hapo unazungumza na mtu mmoja, huzungumzi na sinia ishirini.

Namna ya tatu ni masinia makubwa katikati ya meza, watu wakila pamoja kama kwenye shughuli zetu za harusi. Inapendeza kwa macho, ila kwa mwenye miiko ndiyo mbaya kuliko zote kama mmekalishwa na wageni msiowajua, kwani mezani hakuna wa kulinda upande wako wa sinia. Kama mko watu wanane wa familia moja, ulizia kama mnaweza kupewa meza yenu na masinia yenu. Mara nyingi inawezekana.

Halafu kuna tiketi za daraja la juu. Usizidharau. Mbali na kiti cha mbele, mara nyingi wenye tiketi hizo huitwa kwanza kwenye bufee, na kuwa wa kwanza maana yake koleo bado safi. Tofauti ya bei ukiilinganisha na kulala njaa si kubwa.

Hatua ya tatu: piga simu, na usikubali kuambiwa usijali

Barua pepe ni ya ushahidi. Simu ni ya kujua ukweli. Piga asubuhi, saa tatu au saa nne ya Hawaii, wakati jikoni hapajachachamaa. Kama unapiga kutoka Afrika Mashariki, tofauti ni saa 13: saa tatu asubuhi Honolulu ni saa nne usiku Dar es Salaam au Nairobi. Hawaii hawabadilishi saa zao wakati wa kiangazi, kwa hiyo hesabu hiyo ni ya mwaka mzima.

Haya ndiyo ninayouliza, kwa mpangilio huu:

Anapika nani? Kama chakula kinaletwa na kampuni nyingine, omba namba ya hiyo kampuni. Anayeuza tiketi hajui kilichomo sufuriani.

Laulau ya mboga, kama ipo, inapikwa kwa mvuke katika sufuria moja na ile ya nguruwe? Mara ya pili nilipouliza hivi, yule dada upande wa pili alinyamaza, kisha akasema, "Sijawahi kuulizwa hilo. Subiri." Akarudi na jibu kwamba ndiyo, zinapikwa pamoja, ya mboga ikiwa chini. Nilimshukuru mpaka akashangaa.

Kuku na nyama vimelowekwa kwenye nini? Hapa unatafuta soya sosi, mvinyo wa mchele na mafuta ya ufuta.

Wali ni mweupe au wa kukaanga? Wa kukaanga Hawaii mara nyingi huwa na vipande vya nyama ya kopo au soseji ya nguruwe, vidogo kiasi kwamba utadhani ni karoti.

Haupia mmeigandisha kwa kitu gani? Jibu la kawaida ni wanga wa mahindi, na hapo huna neno. Lakini vitindamlo vingine vya sinia lile vinaweza kuwa na jeletini, na jeletini ya Marekani kwa sehemu kubwa ni ya nguruwe.

Mnaweza kunitengea sahani jikoni kabla ya bufee kufunguliwa? Swali hili peke yake lina thamani ya mengine yote. Wapo wanaokubali papo hapo. Wapo wanaosema hawawezi, na hao nao wamekusaidia.

Sasa sikiliza majibu. Anayekwambia "usijali, tunahudumia watu wa kila aina" mwogope. Anayekwambia "samaki sawa, poi sawa, lakini usiguse saladi ya tambi wala mikate, na siwezi kukuhakikishia kuku", mlipe pesa yako. Mimi humwamini mtu anayenitajia nisichoweza kula.

Hatua ya nne: sehemu chache za kuanzia

Sitoi alama, kwa sababu menyu hubadilika na wapishi huhama. Lakini kuna mambo ya kudumu yanayosaidia kuchuja.

Kwa Muislamu asiyetaka kukaa penye pombe, Polynesian Cultural Center, kituo cha utamaduni wa visiwa vya Pasifiki kilichopo Laie, kisiwa cha Oahu, ina faida ya wazi: haiuzi pombe kabisa. Ilifunguliwa mwaka 1963 na ni ya kanisa la Wamormoni, ambao nao hawanywi. Nguruwe yupo, usidanganyike, na Jumapili wamefunga. Ipo kama kilomita 55 kutoka Waikiki, mtaa wa hoteli za watalii wa Honolulu. Tenga saa moja au zaidi ya gari. Kwa familia yenye wazee na watoto, kukosekana kwa walevi jioni ni neema ambayo haiandikwi kwenye tangazo.

Kwa mtoto mwenye mzio mkali, hoteli kubwa zenye majiko yao wenyewe na wapishi wa kudumu ni salama zaidi kuliko viwanja vinavyoletewa chakula. Aulani ya Disney, upande wa magharibi wa Oahu, ina luau yake iitwayo Ka Waa, na Disney wana mazoea ya miaka mingi ya kuuliza mizio mapema. Bei yake utaisikia mfukoni.

Na kuna njia ambayo watu wengi hawaifikirii: kununua tiketi ya onyesho bila chakula. Smith Family Garden Luau ya kisiwa cha Kauai imekuwa ikiuza tiketi za namna hiyo, na Polynesian Cultural Center onyesho lake la usiku linauzwa peke yake. Unakula samaki wako wa kuchoma mahali unapopaamini, unafika umeshiba, unatazama hula, ngoma ya Kihawaii, kwa amani. Kama mna watu wenye miiko mitatu tofauti katika familia moja, mimi ningeanzia hapa.

Ukienda kisiwa cha Maui, angalia tarehe ya habari unayosoma. Mji wa Lahaina uliungua tarehe 8 Agosti 2023, na orodha nyingi za luau zilizoandikwa kabla ya hapo hazifai tena.

Hatua ya tano: maandishi, na kadi

Ukishalipa, tuma barua pepe fupi yenye jina la tiketi, tarehe, na miiko ya kila mtu kwa jina lake, kisha omba wajibu kwa maandishi. Siku mbili au tatu kabla ya luau, piga tena kuhakikisha. Soma pia masharti ya kurudishiwa pesa kabla ya kulipa, wala si baada. Mara nyingi kuna muda maalumu, na ukipita umepita.

Kama hali yako ni ya kiafya na unataka kubeba chakula chako, omba ruhusa ndani ya barua hiyo hiyo. Wengi hawaruhusu chakula cha nje, ila kwa mgonjwa mwenye maelezo hulegeza.

Andika kadi ndogo kwa Kiingereza, mistari mitatu tu, mpe mhudumu ampelekee mpishi: nisichokula, kitakachotokea nikila, ninachoomba kifanyike. Maneno mengi hayasomwi jikoni. Kadi ya mwanangu nimeifunga kwa plastiki na ina alama ya vidole vya wapishi wa visiwa viwili.

Siku yenyewe

Kula kidogo kabla ya kuondoka. Luau nyingi huwakaribisha watu kama saa kumi na moja jioni, lakini kati ya kupokelewa, kuvishwa shada, kupiga picha, na kutazama nguruwe akifukuliwa shimoni, chakula kinaweza kuchelewa saa nzima au zaidi. Mwenye kisukari anayejidunga insulini asijidunge kwa kufuata ratiba iliyoandikwa kwenye tiketi. Asubiri aone sahani mbele yake, au afuate alivyoagizwa na daktari wake kwa siku za chakula kisicho na saa. Mama siku hizi hubeba korosho mkobani, na huzila akiwa mbali na mjukuu wake.

Ibada ya kufukua nguruwe haimlazimu mtu. Ni jambo la heshima kwa wenyeji, usikunje uso wala kuziba pua mbele yao. Ukitaka, wakati huo ndio wa kwenda kunawa au kutafuta msimamizi. Na kumbuka kwamba nguruwe wa shimoni mara nyingi hatoshi kulisha wageni mia kadhaa, kwa hiyo wengine hupikwa kwenye majiko ya kawaida, karibu na chakula chako. Ndiyo maana lile swali la sahani ya kutengwa nalirudia.

Ukifika tu, kabla hujakaa, mtafute msimamizi. Mpe jina, mpe kadi, mwombe akuonyeshe mpishi anayesimamia sinia. Kama ni bufee, omba upite wa kwanza. Sijawahi kukataliwa nilipoomba kwa adabu na mapema. Nimekataliwa nilipoomba foleni ikiwa imeshajipanga, na walikuwa na haki.

Vinywaji: ile juisi ya pasheni, machungwa na mapera ni tamu na haina pombe, ila ina sukari nyingi. Mai tai ina ramu. Mara nyingine vyote viwili huja kwenye glasi zinazofanana, na kipande kilekile cha nanasi pembeni. Mwombe mhudumu akumiminie mbele yako. Usichukue ya kwenye trei inayopita.

Maghrib itaingia mkiwa pale. Honolulu jua huzama kati ya saa kumi na moja na dakika 50 mwishoni mwa Novemba na saa moja na robo hivi mwishoni mwa Juni. Mara nyingi ni baada ya chakula na kabla onyesho halijapamba moto. Omba viti vya pembeni ili msikanyage miguu ya watu mkitoka.

Sasa mezani. Mwenye kisukari achague wanga mmoja, asichukue yote: ama poi, ama kiazi, ama wali, halafu samaki na majani. Mwenye presha ajue kwamba samoni wa lomi, anayechanganywa na nyanya na vitunguu, ni samaki wa chumvi, na soya sosi nayo ni chumvi ya maji. Mjamzito aache poke na samoni huyo, kwa kuwa havipikwi. Mla mboga aulize kila majani yamepikwa na nini, maana bila kuuliza utakuta ngisi au kuku ndani.

Poi ile usiikebehi. Watalii hupenda kusema ina ladha ya gundi, na wenyeji huchukia, kwa haki kabisa: katika simulizi zao jimbi ni kaka mkubwa wa binadamu, na bakuli la poi likifunuliwa mezani ugomvi hukoma. Ichovye kwa kidole, ile pamoja na kitu cha chumvi. Mama mkwe wangu, kwenye luau yetu ya tatu, aliipa sekunde moja mdomoni, akaniangalia. "Haina nazi," akasema. Akaagiza bakuli la haupia, akachukua kijiko kimoja tu kwa ajili ya sukari yake, akakichanganya humo. Mhudumu, mzee wa Kihawaii, alisimama akamtazama, kisha akaenda akarudi na bakuli la pili, la kwake mwenyewe.

Ikiharibika hata hivyo

Inatokea. Sahani yako imesahaulika, au imekuja na kitu kisichofaa. Usiondoe tu kile kitu ukaendelea kula. Kwa mwenye mzio mabaki yanatosha kumdhuru. Rudisha sahani nzima na uombe mpya. Mwite msimamizi, siyo mhudumu aliyebeba trei sita. Omba kitu ambacho jiko lolote linaweza kufanya kwa dakika kumi: kipande cha samaki kwenye sufuria safi au ndani ya karatasi ya foili, chumvi na ndimu tu, na kiazi kizima kwenye ganda lake. Kiazi cha zambarau kilichochemshwa na ganda hakijaguswa na mtu.

Kama hawawezi, dai pesa yako hapo hapo, kabla onyesho halijaanza, huku barua pepe yao ya ahadi ikiwa wazi kwenye simu. Ukikaa mpaka mcheza moto amalize, watasema umefaidi jioni. Na kama ni mzio umeshika, sindano ya epinefrini kwanza, kisha 911, namba ya dharura ya Marekani, kisha ndiyo maneno.